Kabla ya Kuwapeleka Watoto Mwanza

(Mazungumzo na wazazi na walimu, Dodoma)

Shikamooni wazazi wangu. Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Barabara mnaijua: Singida, Nzega, Shinyanga, karibu kilomita 700, tunaondoka alfajiri. Malazi na vyandarua kamati imeshavipanga. Mimi nitasema zaidi juu ya maji, maana watoto wetu wamekulia nchi kavu. Mtoto aliyezoea korongo la mchanga akiliona Ziwa Victoria, kitu cha kwanza atavua viatu.

Asivue. Ukingoni, hasa penye majani na maji yaliyotulia, wapo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Si lazima mtu anywe maji. Vimelea vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zilezile mtoto anapotamani kuoga. Wazazi, msidanganyike mkiona watoto wa pale wanaogelea. Wengi wanaugua bila kujua. Wa kwetu akiingia majini, afutwe kwa taulo upesi na mwalimu aandike jina lake. Mzazi ampeleke akapimwe baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama anacheza vizuri. Ukimpima wiki ileile utaambiwa mzima, kwa sababu vimelea hivyo, ambavyo mwilini hukua kuwa minyoo, havijakomaa na havijaanza kutaga mayai. Nawasihi, tarehe hiyo isipotee.

Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, dakika chache tu kwa boti kutoka mjini. Watoto wataona pimbi juu ya miamba. Lakini kila mtoto avae jaketi okozi, lifungwe kifuani kabla boti haijaondoka. Nahodha akisema nafasi bado ipo na ninyi mnaona pamejaa, shukeni. Meli ya MV Bukoba ilizama ziwa hilihili tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia kupita uwezo. Kati ya waliokufa walikuwamo watoto.

Jiwe la Bismarck lipo palepale mjini, mtapiga picha. Bujora, kule Kisesa, naomba tuipe nusu siku: ni makumbusho ya Wasukuma, na mtoto wa Kigogo ataziona ngoma za jirani zake kwa macho yake. Muda ukibana, tupunguze madukani.

Kitoweo cha kurudi nacho kipo soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Chukueni dagaa waliokauka sawasawa. Samaki mbichi bila barafu hafiki Dodoma.

Mama mmoja ameuliza kuhusu daraja jipya. Ndiyo, Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo–Busisi, lilifunguliwa mwaka 2025, na lina urefu wa kama kilomita 3. Ukitoka Shinyanga, unakata kushoto pale Usagara kabla hujaingia mjini. Tukiwahi, tutapitia siku ya kwanza. Tukichelewa, tutalitembelea tukiwa njiani kurudi.