Kosa la Boksi Moja: Hasara Isiyoonekana Daftarini

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mmenitaka nizungumzie gharama ya kumtumia mteja mzigo ambao hakuagiza. Nitaanzia kwenye meza ya kufungashia, maana ndiko nilikoanzia kazi.

Kulikuwa na rafu ya viatu. Boksi la namba 41 limebanana na la namba 42, rangi ileile, lebo ileile, namba yenyewe imechapwa pembeni kwa maandishi madogo. Karatasi ya oda iko mkono wa kushoto, wa kulia unachukua. Nikachukua 42 badala ya 41, nikafunga katoni kwa utepe, gari likaondoka.

Sasa tuhesabu wote. Nauli ya kwanza imekwenda bure. Mteja anapiga simu, na anayeipokea analipwa mshahara. Mzigo unarudi, nauli ya pili. Ukifika, mtu anaufungua, anaukagua, anaamua kama unauzika tena. Kisha kinatafutwa kile sahihi, kinafungashwa, kinatumwa: nauli ya tatu. Tuseme kila oda inakuachia faida ya asilimia 10 ya bei, na mzunguko huo wote umekula nusu ya bei. Basi faida ya oda 5 zilizofika salama imekwenda kuziba pengo la moja.

Na hapo stoo hatujaigusa. Kompyuta imepunguza 41 moja, ambayo bado iko rafuni. Haijapunguza 42, ambayo imeshaondoka. Kosa moja, bidhaa mbili zina hesabu ya uongo. Baada ya siku kadhaa mteja mwingine kabisa anaagiza 42 ya mwisho, analipa, mfungashaji anafika rafuni anakuta patupu. Huyu naye anaombwa radhi kwa kosa lisilomhusu, na pengine harudi tena. Hasara hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeiunganisha na lile boksi la mwanzo.

Haiunganishwi kwa kuwa imetawanyika. Nauli imeandikwa kwenye usafirishaji, simu kwenye huduma kwa wateja, kiatu kilichochafuka kwenye bidhaa mbovu. Mwisho wa mwezi kila mkuu wa idara anaona kidogo chake na kuridhika. Ndiyo maana nawasihi mfungue hesabu moja, muiite makosa ya oda, na kila senti ya aina hiyo iandikwe humo.

Msiridhike pia na usahihi wa asilimia 99. Kwenye oda 1,000 kwa siku, ni wateja 10 waliokosewa, kila siku. Na kama asilimia hiyo ni ya kila bidhaa, oda yenye bidhaa 5 itafika bila kasoro mara 95 hivi tu kati ya 100.

Dawa ipo, na ni ya zamani. Msimbopau, ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye bidhaa ili mashine iisome, ulisomwa kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya duka tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna. Katika misimbo ya tarakimu 13, ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na 12 zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja tu, mfumo unakataa. Skani kila kitu kabla ya kufunga katoni, si baada ya kufunga.

Lakini hata skana isipokuwepo, tazameni rafu. Mhandisi Mjapani Shigeo Shingo alifundisha kupanga kazi ili kosa lishindwe kutokea, badala ya kumgombeza anayekosea. Ukimkata mfungashaji mshahara, kosa lijalo atalificha, na wewe utalisikia kwa mteja.

Msimamizi wangu siku ile hakunigombeza. Alikuja rafuni, akasimama niliposimama mimi, akatazama. Kisha akabeba maboksi yote ya 42 akayapeleka rafu ya mbali, na kati yake na 41 akaweka mabegi. Kazi ya nusu saa. Namba hizo mbili hazikuchanganywa tena kwenye meza yangu.