Fowili unaiweka kabla hujanasa

Asanteni kwa kuja ndugu zangu, jua la Kigamboni hili na mmejaa hivi, basi naingia kwenye mada, jinsi ya kutumia fowili, yaani gari kusukumwa na tairi zote nne.

Masika haya mtayaona tena, dereva anaingia tope kwa tairi za nyuma peke yake, gari inaanza kusota, anaongeza mafuta, tairi zinachimba mpaka difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, inalalia udongo, ndo anakumbuka kuvuta ile gia ya fowili. Hapo umechelewa, tairi nne zote hazina pa kushika. Ukiona mbele kuna udongo mweusi umenyeshewa, weka 4H, fowili ya mwendo wa kawaida, ukiwa bado pakavu. Na zile Land Cruiser Hardtop za zamani zenye habu za kufunga kwa mkono, vile vifungio vya katikati ya tairi za mbele, shuka uzifunge kabisa mapema, maana bila hizo kufungwa unavuta gia bure, tairi za mbele hazipati nguvu.

4L, fowili ya gia nzito, ni ya kazi nzito na mwendo wa pole, mlima mkali, mawe, kumvuta mwenzako, au kushuka korongo, pale weka namba moja uache injini ishike gari, usikanyage klachi. Ila usiiweke gari ikitembea, simama kwanza.

Sasa lami. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu hela nyingi zinapotea hapa. Gari ikikata kona tairi za mbele zinazunguka njia ndefu kuliko za nyuma, na kwenye Hilux au Hardtop ukiweka fowili shafti ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa mwendo mmoja. Kwenye mchanga tairi inateleza kidogo mambo yanaisha, kwenye lami kavu haitelezi, kwahiyo ule mvutano unabaki ndani, stelingi inakuwa nzito, gari inasita kona kama imeshikwa breki, ukiendelea unaua tairi, shafti na hata gia boksi ya fowili. Wenye Land Cruiser VX na Prado za fowili muda wote mna difu ya katikati inayoachia huo mvutano, nyie lami ni sawa, mradi hamjaifunga hiyo difu.

Na mvua ikinyesha Bagamoyo Road msidanganyike, fowili inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Breki ni zilezile za kila gari. Jangwani maji yakishavuka barabara usijaribu, maji yanayokwenda kwa kasi yanabeba gari yenye mkonga, lile bomba la kuvuta hewa juu, vilevile, na kuna watu wanakusubiri nyumbani.

Mchanga wa huku Pemba Mnazi, dawa ya kwanza ni upepo. Kama unatembelea PSI 35 kwenye geji ya upepo, shusha mpaka 20 hivi, tairi itanuke ikanyage eneo kubwa, nenda taratibu bila kukatisha mwendo, ikianza kuzama acha mafuta, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Ukifika lami jaza upepo kabla hujakimbiza.

La mwisho, gari nyingi hapa mjini fowili haijaguswa miaka, oili ya difu ya mbele imekaa tu, siku unaihitaji haiingii. Toyota kwenye vitabu vyao vya gari wanashauri uiendeshe kwenye fowili angalau kilomita 16 kila mwezi ili oili izunguke, tafuta barabara ya vumbi iliyonyooka ufanye hivyo, kisha ukirudi kwenye lami uitoe.