Manjano Siyo Inayopofusha
(Mazungumzo na wazazi wa watoto wenye selimundu, ukumbi wa kanisa, Eastlands, Nairobi)

Wazazi, hamjambo. Nikiwauliza selimundu huonekanaje machoni, wote mtanijibu: manjano. Ni kweli. Chembe nyekundu za damu zikivunjika kabla ya wakati, macho hugeuka rangi, na shuleni mtoto huchekwa. Lakini manjano hiyo haipofushi. Kinachopofusha hukioni hata umshike mtoto kidevu umkodolee.

Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea mwanga. Mishipa inayoulisha huzidi kuwa myembamba kuelekea pembeni. Chembe iliyopinda kama mundu ikifika huko hukwama, kama mkokoteni kwenye kichochoro cha Gikomba: walio nyuma wote wamesimama. Pembe ile ikikosa oksijeni, jicho huotesha mishipa mipya, iliyotandaa kama upepeo wa ukili. Mishipa hiyo ni dhaifu. Huvujisha damu ndani ya jicho, na makovu yake huweza kuivuta retina mpaka ibanduke. Na siku zote hizo mtoto anasoma ubao vizuri tu, kwa sababu katikati ya retina bado ni salama! Ndiyo maana kusoma zile herufi za ukutani hakutoshi.

Tangu 1949, mtafiti Anthony Allison alipopima damu za watu humu Kenya, inajulikana kuwa chembe hii ya mundu imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Wengi wenu kwenu ni huko, na wagonjwa wetu karibu wote ni SS, yaani wamerithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama. Wenye SC, waliorithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja na jeni ya C kwa mwingine, aina ya Afrika Magharibi, huugua kidogo mwilini ila macho yao ndiyo huharibika zaidi. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Mtoto akifika miaka 10, mpeleke kwa daktari wa macho atiwe matone ya kupanua mboni, kisha arudi kila mwaka au miwili. Msindikize, kwa saa kadhaa hata namba ya matatu hataiona. Mishipa mibaya ikigunduliwa mapema, hutibiwa kwa leza.

Mama pale nyuma ameuliza: wangu ni AS tu, jeni moja ya selimundu, je? Retina yake kwa kawaida haina neno. Ila akipigwa mpira jichoni, damu ikajaa mbele ya mboni, chembe zake hupinda palepale, huziba mfereji wa maji ya jicho, presha ya jicho ikapanda. Usingoje asubuhi. Ukifika tu mlangoni mwa hospitali, sema: “Huyu ni AS.”