Mwaloni wa Pwani Huanzia Mzizini

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii ya kuzungumzia mialoni (miti ya jenasi Quercus, kwa Kiingereza "oak") isiyopukutisha majani, ile inayostahimili joto na upepo wa bahari. Wengi huuliza kwanza habari ya mbolea. Mimi naanzia mzizini, kwa sababu huko ndiko mti huu huharibiwa mapema.

Mbegu ya mwaloni haivumilii kukauka. Usiianike wala kuiweka ghalani. Iokote ingali mbichi, itumbukize majini, na zinazoelea zitupe. Aghalabu zimeliwa na wadudu. Zilizozama zipande upesi. Mzizi mkuu hutangulia, ukashuka mbali kabla jani halijachungulia. Kwa hiyo chombo kiwe kirefu. Kikiwa kifupi, mzizi hujizungusha, na ukishajizungusha hivyo, kuuhamishia shambani hakuunyooshi. Nawasihi, msivutiwe na mche mrefu kitaluni. Chukueni mdogo ambao mzizi wake ungali umenyooka.

Penye chumvi inayorushwa na mawimbi, naupendelea Quercus virginiana, mwenyeji wa pwani ya kusini-mashariki ya Marekani. Taji lake la matawi hutanda kuliko urefu wake, basi uupe nafasi, mbali na nyumba na nyaya. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, mialoni hii mingi ilibaki imesimama. Mbao zake ngumu ndizo zilizojenga kiunzi cha manowari ya USS Constitution, iliyoshushwa majini mwaka 1797.

Quercus ilex wa Mediterania nao huvumilia upepo wa chumvi, na hata udongo wenye chokaa. Jamaa yake, Quercus suber, ambaye gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa, chokaa humdhoofisha. Wote wawili hawapendi maji yaliyotuama.

Na maji ndiyo yanayonisumbua zaidi. Mche mchanga unywe kwa wingi, kisha udongo uachwe upumue. Lakini Quercus agrifolia wa California umezoea kiangazi kikavu. Mti mzima ukimwagiwa shinani msimu wa joto, kuvu huozesha mizizi yake. Inaniuma kuona mti wa miaka mia ukifa kwa ajili ya nyasi za bustani zilizopandwa chini yake. Ng'oeni nyasi hizo. Majani makavu ya mti wenyewe yaacheni yafunike ardhi, ila yasirundikane kwenye shina.