Kuimba Namba Si Kuhesabu

(Mhadhara kwa walimu wa chekechea na wazazi, Kisumu)

Walimu wa PP1 na PP2, madarasa yetu mawili ya chekechea, wazazi wenzangu, hamjambo? Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja.

Mtoto wa miaka minne akiimba moja hadi ishirini bila kukwama, tunampigia makofi. Mimi humwagia maharagwe saba mezani nikamwambia, "Hebu nihesabie." Anagusa la kwanza, "moja", anagusa la pili, "mbili, tatu". Mdomo umeshautangulia mkono. Mwingine atafika saba vizuri kabisa, lakini ukimuuliza, "Kwa hiyo yako mangapi?" anaanza upya: moja, mbili, tatu... Huyo bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi ya yote. Wanasaikolojia Rochel Gelman na Charles Gallistel wa Marekani walilichambua jambo hili mwaka 1978: kila kitu kipate namba moja tu, namba zifuatane vilevile kila mara, na ya mwisho ndiyo jibu. Hapo kwenye jibu ndipo wengi hukwama, na wimbo hauwakwamui.

Jaribuni hili leo. Panga vizibo vya soda safu mbili, sita kwa sita, vitazamane. Atasema ni sawa. Tanua safu moja akiona, usiongeze kitu. Wengi watasema ile ndefu ina vingi. Jaribio hili lilijulikana kupitia mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi, ingawa watafiti waliomfuata walionyesha kwamba namna ya kuuliza hubadilisha majibu. Kwa hiyo tafadhali, mtu asimwite mtoto mjinga kwa ajili ya vizibo.

Vifaa tunavyo. Sokoni Kibuye, hapa Kisumu, nyanya huuzwa kwa mafungu na mahindi hupimwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia nafaka. Mwache apange fungu yeye, aulizwe vikombe vingapi vitajaza gorogoro. Ajua nayo, ule mchezo wa bao, unapoangusha mbegu moja kila shimo, ni somo tosha. Sayansi? Beseni la maji, msumari mdogo, kipande kikubwa cha mbao. Akisie kwanza kipi kitazama. Msimkatize! Akikosea, mpeni kingine ajaribu.

Na mama aliyeniuliza mlangoni kama anunue chati ya namba: nunua ukipenda, lakini jioni mpe mtoto agawe vijiko, kila mtu kimoja, kisha umuulize vimepungua vingapi.

Haya, maswali.