Louis Mcha Mungu na Ukoo Wake: Tulivyokwama kwa Dada Zake

REHEMA: Karibuni tena, wapendwa. Leo ni zamu ya Louis Mcha Mungu, mfalme wa Wafaranki, watu waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi karne ya nane na ya tisa, na mwana wa mfalme wao mkuu, Charlemagne. Salim ameandaa mafunzo matatu kuhusu mirathi, tutayafikia mwishoni. Salim, umenitumia ujumbe usiku wa manane unasema "tuanze na mabinti". Kuna nini?

SALIM: Dada Rehema, wiki hii tulipokea posa ya mtoto wa kaka yangu. Mshenga kaja na barua yake, kakaribishwa vizuri, kala, kanywa. Kaka akaisoma ile barua, akaikunja, akasema jibu hana, na hajui atakuwa nalo lini. Nikamfuata uani. Akaniambia, "Huyu ndiye ninayekula naye kila siku. Akiondoka nakula na nani?"

REHEMA: Na binti mwenyewe?

SALIM: Kimya. Mimi baba yake mdogo nimekaa pale, neno halitoki. Nikarudi nyumbani nikafungua maandalizi yetu, nikakutana na Einhard, aliyeandika maisha ya Charlemagne.

REHEMA: Aha. Sasa nimekuelewa.

SALIM: Einhard aliishi kwenye kasri la Charlemagne. Anamjua yule mtu anavyokula, anavyolala, anavyoogelea Aachen, mji wa kasri lake. Anasema mfalme akiwa nyumbani hakula bila wanawe, na akisafiri husafiri nao: wavulana kwenye farasi kando yake, mabinti wakifuata nyuma na walinzi wao. Na hakumwoza hata mmoja, si kwa mtu wake wala kwa mgeni. Akasema hawezi kuishi bila wao. Nilipofika hapo nikamwona kaka yangu.

REHEMA: Kaka yako hana jimbo kama Bavaria, kule Ujerumani ya leo, la kulinda.

SALIM: Unaanza.

REHEMA: Naanza, maana hii ndiyo habari yenyewe ya ukoo huu. Nipe nafasi niseme habari za shangazi yake Charlemagne.

SALIM: Tunamaliza saa ngapi lakini? Louis hajatokea bado.

REHEMA: Atatokea. Mwaka 741 anakufa Charles Martel, babu. Ameacha wana, na ameacha binti anaitwa Hiltrud. Hiltrud, kwa ushauri wa mama yake wa kambo, Swanahild, anatoroka, anavuka mto Rhine, anaolewa na Odilo, mtawala wa Bavaria. Kaka zake hawakutaka. Mwaka 743 wakaenda kupigana na huyo shemeji. Mtoto wa ndoa ile ni Tassilo.

SALIM: Binamu yake Charlemagne.

REHEMA: Binamu kabisa, mjukuu wa Martel kama yeye. Tassilo akawa mtawala wa Bavaria, akajiona mkubwa, wala hakuwa na sababu ya kujiona mdogo. Charlemagne hakupumua mpaka mwaka 788 alipomshitaki pale Ingelheim. Akahukumiwa kifo, kisha akaachiwa uhai na kufungiwa utawani. Hata hivyo haikutosha! Mwaka 794 wakamtoa tena, akasimamishwa mbele ya mkutano wa Frankfurt akane madai yote ya nyumba yake. Yote hayo ni mavuno ya binti mmoja aliyeolewa. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kutoa binti.

SALIM: Mbona alitoa? Binti yake Rotrude alichumbiwa mwaka 781 na Konstantino wa Sita, mfalme mtoto wa Bizanti, milki ya Kirumi ya mashariki. Mpaka mwalimu akaachwa kwa Wafaranki amfundishe Kigiriki.

REHEMA: Na uchumba ukavunjika.

SALIM: Ukavunjika ukubwani. Ndiyo maana nasema: binti alipokuwa mdogo, Konstantinopoli, mji wa mchumba, ni jina tu. Alipofikia umri wa kuondoka kweli, baba moyo ukakataa.

REHEMA: Na binti mwingine, Bertha? Charlemagne alimtaka binti wa Offa, mfalme wa Mercia kule Uingereza, amwoze mwanawe Charles. Offa akajibu: sawa, na wewe nipe Bertha kwa mwanangu. Charlemagne akakasirika hadi akawafungia bandari wafanyabiashara wa Waingereza. Salim, mapenzi ya baba yanafunga bandari? Kile ni kiburi cha nyumba ya kifalme: sisi tunachukua kwenu, ninyi hamchukui kwetu.

SALIM: Sasa nijibu hili. Kama habari ya shangazi ilimtisha kiasi hicho, mbona binti yake aliyezaa na mkewe Fastrada alimpa jina Hiltrud?

REHEMA: Majina ya ukoo yanarudi. Kina Pippin wako wangapi humo?

SALIM: Hapana, usipite haraka. Hakuna anayempa mwanawe jina la mtu aliyemletea balaa.

REHEMA: Hiltrud hakumletea balaa. Mjukuu wa ukoo kupitia kwa mkwe, yaani Tassilo, ndiye aliyemletea. Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo. Tena tazama wajukuu aliowaruhusu. Bertha aliishi na Angilbert bila ndoa, akamzaa Nithard. Rotrude akazaa na Rorgon. Baba alijua, akakaa kama hajui, Einhard anakiri. Mtoto asiye wa ndoa hadai kiti. Hesabu imekaa vizuri mno kuwa upendo mtupu.

SALIM: Au ni baba aliyeshindwa kuwaachia na akashindwa pia kuwafukuza. Mwaka 806 anagawa milki kwa wanawe, anaandika: mabinti wachague kaka wa kuwalinda, au utawa, na akitokea mwanamume wa heshima, naye binti akaridhia, ndugu wasimzuie. Anayehofia wakwe haandiki hivyo.

REHEMA: Baada ya kifo chake, Salim! Yeye akiwa hai, hapana. Rotrude alikufa mwaka 810. Alingoja nini?

SALIM: Na baba akamlilia waziwazi.

REHEMA: Simkatalii machozi yake. Namkatalia sababu uliyompa.

SALIM: Nami siiachi.

REHEMA: Haya, Louis aingie basi. Charlemagne anafariki tarehe 28 Januari 814. Louis anatoka Aquitaine, anatuma watu mbele wakasafishe kasri la Aachen, na dada zake wanaondolewa. Wanawake waliokaa pale maisha yao yote! Hapo ndipo uamuzi wa baba ulipowafikisha: hawana mume, hawana nyumba.

SALIM: Hapo ndipo Louis alipowafikisha. Maandishi ya 806 yaliwapa uchaguzi, yeye akawachagulia. Lawama ni yake.

REHEMA: Yake pia. Si yake peke yake.

SALIM: Naonyeshwa dakika mbili hapa.

REHEMA: Na Louis kugawa milki mwaka 817? Bernard, mtoto wa kaka yake, kupofushwa macho? Mwanawe Charles kuzaliwa 823 kwa mkewe wa pili, Judith?

SALIM: Hakuna nafasi. Mafunzo yangu nayo hayajaguswa.

REHEMA: Yaache. Niseme tu kwamba Nithard, yule mtoto wa Bertha, ndiye aliyeandika vita vya wana wa Louis. Viapo vya Strasbourg vya mwaka 842, wana wawili wa Louis walipoapa kuungana, tunavisoma leo kwa sababu yake.

SALIM: Aliyelelewa kwenye kasri la babu aliyempenda mama yake.

REHEMA: Aliyenyimwa kiti na babu huyohuyo. Wiki ijayo tunaanza na 817 moja kwa moja.

SALIM: Tunaanza na Tassilo. Nina majibu yake.