Siku ya Pili Baada ya Kukabidhiwa Funguo

Mabibi na mabwana,

Mmenitaka nieleze ni wakati gani mtu anajua kuwa yuko tayari kununua nyumba yake ya kwanza. Nakiri kwamba zamu yangu ilipofika sikujiuliza hivyo; nilijiuliza tu kama fedha zinatosha. Zilitosha, lakini siku niliyokabidhiwa funguo akaunti yangu ilibaki tupu, na wiki ya tatu mvua iliponyesha, dari ya chumba cha kulala ikavuja mahali pawili. Nikatega ndoo upande huu na beseni upande ule, nikakaa kitandani nikisikiliza matone, fundi wa paa nikimjua vizuri ila sina cha kumlipa. Zamani, nikiwa mpangaji, ningempigia simu mwenye nyumba. Usiku ule mwenye nyumba nilikuwa mimi.

Tangu hapo kipimo changu hakiangalii siku ya kununua, bali siku inayofuata: ukishalipa malipo ya awali, ada ya wakili, ada ya mthamini, kodi za uhamishaji wa umiliki, bima na gari la kuhamishia vyombo, umebaki na nini? Washauri wengi wa fedha hupendekeza akiba ya dharura inayoweza kubeba matumizi ya miezi mitatu hadi sita, nami naiunga mkono kwa sharti moja, kwamba akiba hiyo ihesabiwe baada ya gharama zote nilizozitaja na si kabla yake. Anayeitoa akiba ya dharura ili kukamilisha malipo ya awali bado hajawa tayari, hata kama benki imemkubalia. Benki hupima uwezekano wa wewe kurejesha deni lake. Kama utapata usingizi, hilo halimo katika fomu zake.

Naomba tukae kidogo kwenye mkopo wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza wanaposhtuka. Chukueni mkopo wa milioni 1, kwa sarafu yoyote mpendayo, wa miaka 20 kwa riba isiyobadilika ya asilimia 12 kwa mwaka, unaolipwa kila mwezi kwa marejesho yaliyo sawa. Rejesho la kila mwezi ni takriban 11,011. Katika rejesho la kwanza, 10,000 nzima ni riba, na kinachopunguza deni lenyewe ni kama 1,011 tu. Baada ya miaka mitano mkopaji amekwisha kulipa takriban 660,000, lakini deni limeshuka kwa 82,500 hivi, yaani bado anadaiwa zaidi ya 917,000. Hapo hakuna aliyemwibia mwenzake. Riba hutozwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni lililobaki ni karibu lote.

Hesabu hiyo inajibu swali ambalo watu hawalihusishi na fedha, nalo ni swali la kukaa. Anayetarajia kuhama baada ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu ya kazi, masomo au ndoa, atauza nyumba wakati deni limepungua kidogo tu, kisha atabeba gharama za kuuza juu ya zile za kununua. Isipokuwa bei iwe imepanda vya kutosha, kodi ya pango ingemgharimu pungufu kuliko kununua. Na ikiwa riba ni ile inayobadilika, hesabu ifanywe mara mbili: katika mfano wetu, riba ikiwa asilimia 15 tangu mwanzo, rejesho la mwezi linafika takriban 13,168, karibu moja ya tano zaidi. Asiyeweza kulimudu rejesho hilo la pili asijipe moyo kwa lile la kwanza.

Kuhusu kukagua nyumba yenyewe sitasema mengi, kwa kuwa wakili atahakikisha hati ya umiliki haina kesi wala rehani ya mtu mwingine, na fundi asiyelipwa na muuzaji wala dalali atapanda darini. Nendeni tu mara moja mvua ikiwa inanyesha. Mimi nilikwenda kiangazi.

Kuna jaribio ambalo laiti ningelifanya. Tuseme pango lako leo ni 6,000 na rejesho la nyumba unayoitamani ni 11,011. Ongeza makadirio ya bima, kodi ya jengo na matengenezo, tuseme 2,000. Tofauti ni 7,011. Kila siku ya mshahara, kabla hujagusa kitu kingine, hamishia kiasi hicho kwenye akaunti ya pembeni, na ufanye hivyo kwa miezi sita mfululizo bila kuruka hata mmoja. Miezi hiyo iwemo ile ya ada za shule, na ule ambao lazima ndugu atapiga simu akiwa na shida. Kama mnanunua mkiwa wawili, mwenzako naye aishi ndani ya jaribio hilo. Asije akaambiwa matokeo tu, maana nimeona nyumba ikinunuliwa na mmoja na deni likabebwa kwa manung'uniko na wote.

Ukifika mwezi wa sita bila kuichota akaunti ile, nenda benki. Ukiichota mwezi wa tatu, utakuwa umejua hivyo ukiwa bado mpangaji, fedha zilizobaki zikiwa mikononi mwako, na paa likivuja bado kuna mtu wa kumpigia simu.